Maua ya Kwanza: Kumuaga Kaka Hewage Upasena

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Bwana Hewage Upasena anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Mikoko cha Kirimodara kwa miaka thelathini na saba kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1986, kijana wa miaka ishirini na mitatu, kwa cheo cha mpiga kasia. Anaondoka akiwa Msaidizi Mkuu wa Utafiti, ingawa kasia hajaliachia mpaka leo, kwa kuwa hajawahi kumwamini mpiga kasia mwingine.

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja wa kufurahisha, wa kusomwa kabla ya chai. Ya kufurahisha yapo, na nitayatanguliza. Lakini mwenye sherehe ameniwekea sharti. Alinijia ofisini Jumatatu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mdogo wangu, habari ya mkoko wetu uiandike yote. Ukiiacha hiyo usiandike kitu, mimi nitakunywa chai yangu niende zangu." Daktari Tennakoon, mkuu wa kituo, aliona tungeweza kuiacha kwa siku ya leo. Nimemtii Kaka Upasena, kama kawaida ya kila mtu hapa.

Kazi yake kubwa ilikuwa aina moja tu ya mti, mkoko wenye maua mekundu, ambao katika hori letu lote ilikuwa imebaki sita alipoajiriwa. Mitano imesimama pamoja kwenye kisiwa kidogo katikati ya maji. Wa sita ulikuwa peke yake ng'ambo, chini ya ngazi za hekalu. Mti huu huchanua sana na kuzaa kidogo, na matunda yake mengi ukiyapasua hukuti kitu ndani. Kituo kilitaka kujua kwa nini. Daktari wa wakati ule alihitaji mtu wa kukaa mtumbwini tangu alfajiri na kulitazama ua moja mpaka lianguke, na kati ya wapiga kasia wanne ni Upasena pekee aliyeuliza kama anaruhusiwa kuja na chai yake.

Yote tunayoyajua kuhusu ua lile ameyaona yeye kwanza. Hufunguka kabla jua halijatoka. Halina harufu hata kidogo. Siku ya kwanza hutoa chavua, siku ya pili ule uzi wa katikati hurefuka, na hapo ndipo linapokuwa tayari kupokea chavua cha mti mwingine. Siku ya nne huanguka majini. Anayebeba chavua ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo wa kupinda, anayefuata maji matamu ndani ya ua na kutoka na unga wa manjano kwenye paji la uso. Upasena aliwajua machozi wa kisiwani mmoja mmoja na aliwagombeza kwa majina. Mmoja alimwita Karani, kwa sababu alikuwa akichelewa kufika na kuondoka mapema. Mimi ndiye karani wa kituo, na sikulipenda.

Halafu kuna ile ya vifuko. Mwaka wa 1991 ilibidi maua yafunikwe ili ijulikane kama yanaweza kuzaa bila ndege. Mkewe, Dada Leelawathi, alishona vifuko mia mbili vya melimeli nyeupe, na Upasena akavivika maua ya miti yote mitano kwa siku moja. Kesho yake asubuhi walifika akina mama wawili getini, sari nyeupe, nyuso za huzuni, mkononi pakiti ya sukari na ya majani ya chai. Walikuwa wamepita na mtumbwi, wakaona nguo nyeupe zimetundikwa kila tawi, wakajua kituo kimefiwa.

"Nani ametutoka, mwanangu?" mmoja akauliza.

"Hajatutoka mtu, mama. Ni maua."

"Maua gani hayo ya kufanyiwa msiba?"

Upasena aliwakaribisha, akawaeleza habari ya chozi na chavua kwa nusu saa, na wakaondoka wamemwachia ile sukari kwa kumhurumia. Wiki ile Leelawathi alivichovya vifuko vyote kwenye manjano. Tangu hapo vifuko vya kituo hiki ni vya manjano, na watafiti wageni wakiuliza sababu ya kisayansi huwa tunatazamana.

Ni mtu wa dini, tena dini ya vitendo. Kwake nyumbani mchele mpya haupikwi mpaka sahani ya kwanza ipelekwe hekaluni. Nazi ya kwanza ya mnazi mchanga, vivyo hivyo. Nasi sote tumelelewa hivyo, hakuna aliyeona ajabu kwamba maua ya kwanza ya mkoko nayo yalikwenda huko. Kila mwaka, mwisho wa Juni, miti ya kisiwani ilipoanza kufungua matumba yake ya kwanza, Upasena alifika mapema na sinia la shaba, akayachuma yote ya siku mbili tatu za mwanzo, ishirini au thelathini hivi, akavuka nayo moja kwa moja mpaka madhabahuni. Ua la kutolewa halinuswi, na hili lisilo na harufu hata halimpi mtu kishawishi. Aliyatoa kwa nia moja, kwamba mti uzae. Kisha alirudi kazini na kuandika kwenye daftari, maana Upasena haibi hata ua. Safu ya yaliyofunguka, safu ya yaliyotolewa, safu ya yaliyoanguka, safu ya matunda. Safu ya pili aliipiga mistari mwenyewe kwa rula.

Mwaka wa 1998 pekee hakutoa. Alilazwa wiki tatu kwa homa ya panya aliyoipata shambani kwa shemeji yake, akipandikiza mpunga. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, miti ya kisiwani ilizaa mbegu zilizojaa, kumi na tisa. Leelawathi alisema ni nadhiri aliyoiweka mumewe apone. Daktari wa wakati ule aliandika kwamba ni mvua. Sisi wa ofisini tulikuwa na jibu letu, na tulilirudia kila mwaka matunda yalipotoka matupu: "Kaka Upasena, hebu augua tena, miti izae." Alikuwa akicheka kuliko sisi. Tulilisema hilo kwa miaka ishirini na nne na halikumwingia mtu kichwani.

Miche tisa ilikua vizuri kitaluni, na mwaka wa 2001 aliipanda kwenye ufukwe wa nje. Desemba 2004 bahari iliingia. Ilichukua miche yote tisa, na ilichukua watu, kwa hiyo wakati ule hakuna aliyepata nafasi ya kuililia miche.

Sasa sehemu yangu, nami pia niiandike. Mwaka wa 1999 kituo kilipata kompyuta, na mimi Nilmini Kodikara nikapewa kazi ya kuingiza madaftari ya Upasena. Fomu iliyotoka makao makuu ilikuwa na safu tatu, yaliyofunguka, yaliyoanguka na matunda. Yaliyotolewa hayakuwa na mahali. Sikuuliza mtu. Nilijiambia kwamba ua lililochumwa na ua lililoanguka yote hayapo mtini, nikayajumlisha, nikaendelea na kazi. Mwaka baada ya mwaka jedwali langu likaonyesha kwamba maua ya wiki ya kwanza huanguka yote. Likasomwa hivyo. Ripoti ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba maua ya mwanzo ya mkoko huu ni tasa, na kwamba kazi ya kupaka chavua kwa mkono ianze katikati ya Julai, miti inapokuwa imechanua barabara.

Na Upasena akafanya hivyo, kwa brashi ndogo ya mchoraji, ua kwa ua, Julai nenda Julai rudi. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuibembeleza miti namna ile. Mwaka wa 2009 majani yalipelekwa Colombo kupimwa, na jibu likarudi kwamba ile mitano ya kisiwani ni watoto wa shina moja, chavua chao hakifaani. Mgeni wao mmoja tu, Mti wa Sita wa ng'ambo. Lakini Mti wa Sita ulikuwa ukimaliza maua yake mwisho wa Juni, kabla kazi yetu haijaanza. Chavua chake tulikiweka kwenye jokofu na kilikufa ndani ya siku mbili. Tukaubeza mti ule kama mjomba anayefika harusini na kuondoka kabla chakula hakijaiva, tusijue kwamba sisi ndio tuliochelewa. Mei 2021 dhoruba iliung'oa. Upasena alikata tawi moja akajaribu kuliotesha, halikushika.

Februari mwaka huu ulifika wakati wa kukabidhi. Tulikaa barazani, madaftari thelathini na saba mezani. Nilisoma kutoka kwenye daftari, yeye akatazama jedwali langu lililochapwa na kutia alama. Tulifika 1998.

"Wiki ya kwanza, yaliyofunguka thelathini na moja," nikasoma. Mwaka ule aliandika mpiga kasia mwingine, kwa safu zile zile. "Yaliyoanguka sita. Matunda ishirini na matano."

"Na yaliyotolewa?"

"Hakuna, Kaka. Ulikuwa hospitali."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Matunda ishirini na matano wiki ya kwanza? Si tunasema maua ya wiki ya kwanza ni tasa?"

"Ndivyo jedwali linavyosema, miaka mingine yote."

"Jedwali umeandika wewe, mdogo wangu. Kwenye jedwali yale yangu ya hekaluni uliyaweka wapi?"

Nilimwambia. Hakunigombeza. Aliomba daftari la Mti wa Sita, akalifungua kando ya lile la kisiwani, akaanza kushuka na kidole mwaka kwa mwaka. Ua la mwisho la Mti wa Sita, tarehe 29 Juni. Ua la kwanza la kisiwani, tarehe 26. Mwaka mwingine tarehe 30 na 27. Kila mwaka miti hii ilikuwa imepewa siku tatu au nne za kukutana, na machozi walikuwa wakivuka maji asubuhi nzima kuibebea chavua. Kila mwaka siku hizo hizo yeye alikuwa ameshapita na sinia.

"Kumbe nimekuwa nikimbeba bibi harusi mpaka hekaluni," akasema, "kabla bwana harusi hajavuka."

Nikamwambia Kaka, maji yakimwagika hayazoleki. Akajibu kwamba ni kweli, ila yeye ndiye aliyekuwa na mtungi kichwani. Nikamwambia basi tulikuwa wawili tuliobeba. Hakukataa, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu angekataa ningejua ananionea huruma. Siku ile alienda nyumbani bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kituo hiki.

Siku ya mwezi mpevu iliyofuata alikwenda kumweleza mtawa mkuu wa hekalu. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mafuta ya taa za ibada. Upasena alipiga magoti, akasimulia yote, mpaka idadi. Mtawa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Upasena," akasema, "ungeniuliza, ningekwambia niletee ua lolote la uani kwako. Buddha hakuagiza hili."

"Nilitaka kutoa lililo adimu, Mheshimiwa."

"Najua. Na mimi nililipokea kila mwaka, nikalisifu kwa uzuri wake. Sikuuliza linatoka wapi. Basi tugawane."

Ibada ilipoisha mtawa aliwaambia waumini kwamba kuanzia leo ua la mkoko mwekundu lisiletwe hekaluni, na anayetaka kutoa la kwanza la mwaka aliache mtini na kulitolea akiwa pale pale majini, kwa mikono mitupu. Bibi mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba hiyo sadaka haionekani. Jirani yake akamwambia, "Wewe nawe, unampelekea Buddha au unatupelekea sisi?" Upasena aliwasikia, akatabasamu kidogo. Miezi ile sikumwona akitabasamu tena.

Hilo ndilo alilotaka liandikwe, na sababu yake si kujitesa. Anasema atakuja mwingine mwenye moyo mwema kama wake, na moyo mwema usiojua kalenda ya maua umeshatugharimu miaka thelathini na mitatu. Jedwali nimelirudia upya tangu 1986, safu zote nne. Ripoti ya 2006 Daktari Tennakoon ameiandikia masahihisho yenye majina yetu wawili, kwa ombi letu. Ameandika pia barua kwa vituo viwili vya pwani vilivyo na mikoko ya aina hii, akiomba tawi au chavua. Kimoja kimejibu kwamba miti yake imekufa. Kingine hakijajibu.

Sitaki msomaji adhani kwamba miaka thelathini na saba imepotea. Tunajua ua linafunguka lini na kuanguka lini, nani anabeba chavua na saa ngapi, na kwa siku ngapi miti miwili inaweza kukutana. Tunajua kwamba mti huu haukuwa tasa. Hayo yote yamo katika mwandiko wa mtu mmoja ambaye hakuficha hata ua moja, na kama angekuwa mtu wa kuficha, tusingejua kosa lake wala letu. Mimi nimefanya kazi na wasomi wengi wasioweza kusemewa hivyo. Lakini alikuta miti sita na anaacha mitano, na mitano hiyo haina wa kuzaa naye. Inaniuma kuandika hivyo kwenye karatasi ya sherehe, na ningelaghai kama ningeandika vingine.

Jumanne wiki hii, tarehe 27, maua ya kwanza ya kisiwani yalifunguka. Nilimwomba nifuatane naye. Nilifika kwao kukiwa bado giza, Leelawathi ameshampashia maji ya chai na sinia la shaba liko rafuni, limesuguliwa kwa majivu.

"Hulichukui?" mkewe akauliza.

"Leo nakwenda kutazama tu."

"Ukitazama utatusaidia nini?"

"Mama, ndiyo kazi waliyoniajiria."

Tulihesabu maua ishirini na mawili. Jua lilipochomoza alikuja chozi mmoja dume, akayapitia yote moja moja bila haraka, mpaka paji lake likawa la manjano. Upasena hakumwita jina. Kisha yule ndege aliruka juu ya maji kuelekea ng'ambo, akazunguka mara mbili pale juu ya ngazi za hekalu ulipokuwa Mti wa Sita, akarudi akatua kwenye kasia letu.

"Anaijua njia," Upasena akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilitazama pembeni nikajifanya naandika.

Daftari la mwaka huu, la thelathini na nane, liko mezani kwangu. Yaliyofunguka, ishirini na mawili. Yaliyotolewa, hakuna. Yaliyoanguka, leo asubuhi, kumi na saba. Safu ya matunda ameiacha wazi, kwa kuwa matunda huhesabiwa Septemba na yeye hatakuwepo, na nafasi yake makao makuu hayajasema kama itajazwa. Nitahesabu mimi. Nimeshajifunza kupiga kasia, vibaya.

Kaka Upasena, kituo kizima kinakushukuru, pamoja na Dada Leelawathi na vifuko vyake mia mbili. Uwe na afya, magoti yasikusumbue, wajukuu wakusikilize, na ulale mpaka jua liingie dirishani. Uishi miaka mingi. Septemba nitayapasua matunda yote, moja moja, na chochote nitakachokikuta au nisichokikuta sitakupigia simu. Nitakuja mwenyewe nyumbani, niketi, nikuambie.